Mistari Myekundu ya Mzee Koki

Chuoni walimwita Bi Miaka Kumi, na hakuna aliyeona haja ya kumwita vingine. Alikuwa kaimu ofisa mipango, na kwa miaka miwili na ushei kazi yake kubwa ilikuwa moja tu: kuandika mpango wa chuo wa miaka kumi ijayo. Wapishi wa kantini wakimwona tu anaingia, tayari wana la kusema.

"Bi Miaka Kumi, chai utakunywa leo au tukuwekee ya mwaka wa nane?"

"Ya leo," hujibu bila kutabasamu. "Ya mwaka wa nane imeshatengwa."

Hapo wote huangua kicheko, na yeye hucheka wa mwisho, kama mtu aliyetaka kwanza kuhakikisha kwamba jambo lenyewe linachekesha.

Mipango ilikuwa damuni mwake. Sukari ya nyumbani aliijua itaisha siku gani. Nguo za wiki nzima alizipiga pasi Jumapili na kuzitundika kwa mfuatano. Mama yake mzazi, aliyekuja kuishi naye tangu magoti yalipoanza kumsumbua, alitikisa kichwa na kusema, "Mwanangu, mipango si matumizi." Alilisema hilo karibu kila siku, na bintiye alikuwa ameshaacha kulisikia.

Lakini tusimcheke sana, kazi aliifanya. Chuo chenyewe kilikuwa cha jamii, cha watu wa mitaa inayokizunguka: asubuhi wanakuja vijana, jioni wanakuja watu wazima waliotoka kazini, wengine na watoto mgongoni. Kilikuwa na madarasa kumi na manne, karakana nne, na paa moja lililovuja kila mwaka mahali palepale. Bi Miaka Kumi alizunguka shule zote za msingi za jirani akahesabu watoto waliopo leo, ajue ni wangapi watabisha hodi chuoni baada ya miaka minane. Alihesabu viti. Alihesabu vyoo, kimoja kimoja, akifungua milango. Na alihesabu, kozi kwa kozi, ni wangapi walianza na ni wangapi walifika kwenye mtihani wa mwisho. Hapo ndipo ulipozaliwa ukurasa wa thelathini na moja.

Ukurasa huo ulisema karakana ya mabomba ifungwe mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa mpango, mwalimu wake astaafishwe, na jengo ligeuzwe chumba cha kompyuta. Sababu iliandikwa wazi. Kwa miaka sita waliandikishwa wanafunzi themanini na wanane. Waliofanya mtihani wa mwisho walikuwa kumi na tisa. Wanane walikuwa bado wanasoma. Waliobaki, sitini na mmoja, majina yao yalikuwa yamekatwa kwa wino mwekundu ndani ya rejesta ya mwalimu mwenyewe, mstari umenyooka, umepigwa kwa rula. Kwenye kozi nyingine zote, kuanzia ushonaji mpaka umeme, jina likikatwa kwa wino mwekundu ujue mwanafunzi ameacha masomo. Bi Miaka Kumi hakuwa na sababu ya kufikiri kwamba wino wa karakana moja una desturi yake.

Na msije mkasema hakuuliza. Aliuliza, tena kwa barua yenye nembo ya chuo. Alimwandikia mwalimu wa mabomba athibitishe kwamba mistari ile ni yake. Mwalimu huyo aliitwa Mzee Koki, kwa sababu hakuweza kuipita koki inayodondosha maji bila kusimama kuifunga, hata akiwa msibani. Alikuwa mfupi, mikono mipana, kichwa kigumu kuliko chuma alichokifundisha. Alijibu siku ileile, nyuma ya barua ileile, kwa penseli: "Ndiyo, mistari hiyo nimeipiga mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, wala sijutii hata mmoja." Salamu hakuna, sahihi hakuna.

Bi Miaka Kumi aliisoma mara tatu, damu ikamchemka. Mtu anapoteza wanafunzi sitini na mmoja, halafu anajisifu! Akaipiga nakala, akaiweka mwishoni mwa mpango iwe kiambatisho cha saba, bodi ijionee yenyewe.

Mpango ukachapishwa nakala arobaini zenye jalada la bluu. Bodi ya chuo ingekaa Jumatano. Mkuu wa Chuo alikuwa amemwahidi kwa mdomo kwamba bodi ikishaupitisha, lile neno "kaimu" litang'olewa mlangoni kwake. Alikuwa amelivumilia miaka mitatu. Mama yake alishaanza hata kuwaambia majirani kwamba bintiye sasa ni ofisa kamili.

Jumamosi kabla ya bodi, asubuhi, bomba la chini ya sinki la jikoni likapasuka. Mama aliita kwa sauti ya utulivu kabisa.

"Mwanangu, njoo. Kuna jambo huku halimo kwenye mpango wako."

Maji yalikuwa yameshafika kizingitini. Fundi wao wa siku zote hakupokea simu. Jirani akatoa namba ya mtu mwingine, "huyo hana longolongo," na kweli, haikupita nusu saa likasimama gari dogo la mizigo lenye mabomba juu. Akashuka mwanamke wa miaka kama ishirini na sita, ndani ya ovaroli iliyofuliwa, na nyuma yake mwanamume mmoja amebeba sanduku la vifaa. Mama aliwatazama wote wawili, kisha akamwuliza yule mwanamke, "Fundi ndiye huyo nyuma yako?"

"Fundi ndiye mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, ingia, kabla hatujaanza kuogelea."

Aliifunga kwanza koki kuu iliyo nje, wala hakuuliza ilipo, kisha akarudi akalala chali chini ya sinki. "Aliyefunga hili bomba alikuwa na hasira zake," akasema kutoka kule chini. "Nati kaikaza mpaka imepasuka. Mwalimu wangu angeiona hii angelala na njaa."

Bi Miaka Kumi alikuwa anadeki. Kwa ajili ya kuzungumza tu, akauliza, "Ulisoma wapi?"

"Hapohapo chuoni kwenu, mama. Si unafanya kazi pale? Nimeona mkoba wako una nembo."

"Ulimaliza mwaka gani?"

Fundi alicheka. "Mimi sikumaliza. Nilipigiwa mstari."

Bi Miaka Kumi aliacha kudeki. "Ulifukuzwa?"

"Nifukuzwe kwa lipi tena?" Kichwa kikatokeza chini ya sinki. "Nilipata kazi. Nilikuwa mwezi wa kumi na tano, akaja mkandarasi anatafuta watu wa kutandaza mabomba kwenye hospitali mpya, akanichukua. Sasa Mzee Koki ana mambo yake. Ukipata kazi ya kweli unamletea barua ya mwajiri, anaisoma mbele ya darasa, neno kwa neno, hata namba ya simu anaisoma. Halafu anafungua rejesta, anatoa rula na kalamu nyekundu, anakupigia mstari. Wenzako hapo wanagonga mabomba kwa spana mpaka masikio yanaziba. Mimi nililia, sikufichi. Mama yangu anadai alizisikia kelele akiwa sokoni, na soko liko mbali, lakini mwache."

"Na mtihani wa mwisho?"

"Mtihani ni mwezi wa ishirini na nne. Kazi ingenisubiri miezi tisa?"

"Na wapo wengine kama wewe?"

"Waliopigiwa mstari? Tele! Huyu kaka naye ni wa mstari." Mwanamume mwenye sanduku akainua mkono. "Sisi tukikutana kazini hatuulizani cheti. Tunaulizana, wewe mstari wako ulipigwa lini."

Walipoondoka, Bi Miaka Kumi aliketi kwenye kigoda kilicholowa na wala hakuhisi. Mama yake akamwuliza ana nini, naye akamweleza yote, tangu rejesta mpaka kiambatisho cha saba.

"Kwa hiyo umewahesabu waliofanikiwa, ukawaita walioshindwa," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na yule mwalimu anafungiwa karakana kwa sababu hiyo."

"Ndiyo."

Mama akachukua tambara akalikamua. "Sasa utafanyaje?"

"Nikinyamaza, hakuna atakayejua."

"Wewe unajua. Na mimi nimeshajua, na mdomo wangu unaujua."

Jumatatu asubuhi alikwenda karakana ya mabomba. Kutoka ofisini kwake zilikuwa hatua sitini, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia. Ndani kulikuwa na meza ndefu za mbao zenye jiliwa za kubania mabomba, mabomba yamepangwa ukutani kwa unene, na ukuta mzima wa sinki na vyoo visivyokwenda popote, vya kujifunzia. Wanafunzi wanane walikuwa wanakata chuma. Mzee Koki alimwona akaendelea kusimamia msumeno wa mtu mpaka ukamaliza.

"Kwa nini hukuniambia ile mistari ni ya waliopata kazi?" Bi Miaka Kumi akaanza, hata salamu akaisahau.

"Uliniuliza kama nimeipiga mimi, nikakujibu."

"Ulinijibu kwa kiburi!"

"Na wewe uliniuliza kwa kiburi. Barua! Miaka miwili unapanga maisha ya karakana yangu, hujakanyaga humu hata siku moja. Vyoo vya chuo umeviingia vyote, watu wamekuona. Huku hukuja. Nikasema, huyu anajua kila kitu, ameshaamua, kilichobaki ni kuniaibisha tu. Mimi si mtu wa kumpigia mtu magoti."

Bi Miaka Kumi aliona ni kweli tupu.

"Wote sitini na mmoja walipata kazi?" akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

Mzee Koki alichukua kitambaa akafuta mikono, kidole kimoja baada ya kingine. "Wote," akasema.

"Barua zao unazo?"

"Huwa nawarudishia. Barua ni mali yao."

Kesho yake akamwendea Mkuu wa Chuo. Mkuu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama zile nakala arobaini zilizopangwa juu ya kabati, akashusha pumzi.

"Upite kwanza," akasema. "Kila mpango una mapitio. Mwaka wa pili utarekebisha."

"Mwaka wa pili karakana itakuwa imeshafungwa, Mkuu. Na Mzee Koki atakuwa nyumbani."

"Dada yangu, fikiria na mlango wako pia."

Aliufikiria usiku kucha, tusidanganyane. Si malaika yule. Alipiga hesabu ya mshahara wa kaimu na wa ofisa kamili, akapiga ya aibu ya kusimama mbele ya watu saba na kukiri kwamba mhesabu hakujua alichohesabu. Hesabu zote mbili zilimwambia anyamaze. Asubuhi akavaa ile nguo ya Jumatano, akaenda.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa muuguzi mstaafu, mama mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kifuani, na alisoma kila ukurasa kweli, hakujifanya. Walipofika wa thelathini na moja, Bi Miaka Kumi akapiga moyo konde, akasimama.

"Ukurasa huu una kosa, na kosa ni langu."

Akaeleza. Alieleza kwa mfuatano, kama alivyozoea: wino, desturi ya karakana, barua yake, jibu la penseli, bomba la jikoni kwake. Alisema wote sitini na mmoja walitoka kwa sababu walipata kazi. Mjumbe mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akacheka mpaka akatoa leso. Mkuu wa Chuo alitazama dari muda wote.

"Yaani," mwenyekiti akasema taratibu, "watu wanakuja kwetu kutafuta kazi, wanaipata, halafu sisi tunaandika kwamba wametoroka?"

"Ndiyo, mwenyekiti. Kipimo chetu ni mtihani wa mwisho, kwa kozi zote." Lililofuata hakuwa amelipanga. "Inawezekana nimekosea na kwenye kozi nyingine pia."

Kwa sentensi ile moja alikuwa ameuangusha mpango mzima, miaka miwili na ushei, na kila mtu pale alilijua hilo. Mwenyekiti alibadilisha miwani.

"Mpango urudi ukaandikwe upya. Karakana ya mabomba isiguswe. Na nataka orodha ya hao sitini na mmoja: kazi gani, wapi, simu. Mmoja mmoja. Nakupa mwezi." Akamgeukia Mkuu. "Huyu ni ofisa au kaimu?"

"Kaimu," Mkuu akajibu upesi.

"Basi aendelee kuwa kaimu mpaka tuuone mpango mpya."

Lilimchoma. Alikusanya karatasi zake polepole ili asionekane anakimbia, na kwenye ngazi akasimama kidogo kufuta macho. Nyumbani mama yake angewaambia nini majirani?

Alasiri ileile akaenda karakana na daftari. Wanafunzi walikuwa wameshaondoka. Juu ya meza rejesta sita zilikuwa zimepangwa tayari, na kando yake stuli iliyofutwa vumbi. Mzee Koki hakusema ahsante, na Bi Miaka Kumi hakuitegemea.

"Anza," Mzee Koki akasema. "Nasoma mimi, unaandika wewe."

Kusoma kwenyewe hakusoma. Aliweka kidole kwenye mstari mwekundu, akatazama juu, akasema. Huyu yuko hospitali, msimamizi. Huyu mamlaka ya maji, gari la dharura. Huyu yuko gerezani. "Kwa kazi!" akaongeza haraka. "Yeye ndiye mwenye funguo." Huyu aliacha mabomba akafungua duka la koki, nayo ni kazi, andika. Huyu ana wafanyakazi wawili na mdomo mrefu, huyo ndiye aliyekuja kwako. Kwa wengi alikuwa na namba ya simu kichwani. Bi Miaka Kumi alicheka mara mbili tatu, na kuchoma kule kwa asubuhi kukaanza kupoa.

Wakafika wa arobaini na mbili, kidole kikaenda wa arobaini na nne.

"Umeruka mmoja," Bi Miaka Kumi akasema.

"Nimeruka?"

"Wa arobaini na tatu."

Kwa kuhesabu, yule mama humpati. Mzee Koki alivua miwani akaiweka juu ya rejesta.

"Huyo mwandike ameacha."

"Lakini ana mstari."

"Mstari nimempigia mimi. Barua hakuleta." Alizungumza akilitazama jiliwa. "Aliamka siku moja akasema mabomba si maisha, akaondoka. Wiki mbili darasa zima linaniuliza, mwalimu, yuko wapi. Nikashindwa. Nikatoa kalamu, nikasema amepata kazi mbali. Wakagonga mabomba. Hakuna aliyegongewa kama yeye, maana walijua ni wangu."

"Wako?"

"Mtoto wangu wa kwanza."

Bi Miaka Kumi akaweka kalamu chini. "Yuko wapi sasa?"

"Sijui. Huu mwaka wa nne."

Nje mtu alipita akisukuma toroli, likapiga kelele mpaka likapotea. Bi Miaka Kumi alifikiria bodi. Leoleo ameiambia kwamba wote sitini na mmoja walipata kazi. Arudi tena kwa mwenyekiti yule, na miwani yake miwili, aseme amekosea mara ya pili?

"Mzee," akasema, "mmoja katika sitini na mmoja habadilishi kitu. Naweza kuandika kwamba hapatikani kwa simu. Wala si uongo."

"Asubuhi nilikuwa nje ya dirisha la ukumbi," Mzee Koki akasema. "Nilisikia ulivyosimama. Nikajua kwamba ile 'wote' yangu ndiyo uliyosimama nayo. Sijala tangu hapo. Andika, mwanangu. Waambie nilikudanganya mimi."

Akaandika. Arobaini na tatu: ameacha. Mwandiko wake mzuri ukapinda. Mzee Koki aliinama akahakikisha neno lenyewe, akavaa miwani.

"Huo mpango wako wa miaka kumi," akauliza, "mtu aliyeacha akirudi, umemwekea mahali?"

Bi Miaka Kumi alizipitia kurasa zote kichwani, tangu wa kwanza mpaka kiambatisho cha mwisho. Watoto ambao hawajafika chuoni alikuwa amewawekea viti. Paa alikuwa amelipangia. Hata vyoo.

"Sijamwekea," akasema. "Nitamwekea."

Mzee Koki aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akashusha kidole kwenye mstari uliofuata.

"Haya. Arobaini na nne. Huyu yuko shule ya msingi, anatengeneza vyoo."